Ukifufua pikapu kuukuu nyumbani, chunga vumbi kuliko kutu

WAPENZI wa magari ya zamani wanajua furaha ya kukuta Peugeot 404 au 504, Datsun 1200, Toyota Stout au Land Rover ikiwa imeegeshwa chini ya mti shambani, tairi zimekwisha upepo na kuku wametaga ndani ya kabati la dereva. Gari huletwa mjini kwa kuvutwa, likawekwa uani, na kazi ya kila Jumamosi ikaanza: kukwangua, kuchomelea, kupaka rangi, kubadilisha viti na taa hadi litoke likiwa jipya tena.

Hii ni kazi nzuri. Inafunza subira na inaokoa mali ambayo ingeishia kwa wauza vyuma chakavu. Hata hivyo, ni kazi ya karakana inayofanyiwa mahali watoto wanapocheza na nguo zinapoanikwa. Katika karakana za kazi mfanyakazi analindwa na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007. Uani kwako hakuna mkaguzi atakayebisha lango. Mkaguzi ni wewe mwenyewe.

Watu wengi wakiona kutu huogopa kukatwa na mabati. Ni hofu ya haki, lakini madhara makubwa zaidi hutoka kwa vitu visivyokata wala kuuma: vumbi la rangi ya zamani, vumbi la breki, moshi wa kuchomelea na mvuke wa rangi mpya. Hivi huingia mwilini polepole, na mara nyingine mgonjwa si yule anayefanya kazi bali ni mtoto wake.

Kabla ya kushika spana

Jambo la kwanza ni chanjo ya pepopunda. Kutu haileti pepopunda. Ugonjwa huu huletwa na vijidudu vinavyoishi katika udongo, vumbi na kinyesi cha wanyama. Pikapu iliyobeba ng'ombe na mbolea miaka mingi ina uchafu huo katika kila ufa, na bati lililooza huuingiza ndani ya nyama, mahali pasipo na hewa, ambapo vijidudu hivyo hustawi.

Wanawake wengi hupata chanjo hii wanapohudhuria kliniki wakiwa wajawazito. Wanaume wengi hawajadungwa tangu utotoni. Kwa kawaida mtu mzima aliyekamilisha chanjo za awali huhitaji kuongezewa moja kila baada ya miaka 10. Akipata jeraha la kina au lenye uchafu na imepita zaidi ya miaka 5, hudungwa tena. Jeraha lioshwe kwa maji mengi na sabuni, kisha uende kituo cha afya siku hiyo hiyo. Usingoje taya zikaze, kwani dalili huanza kati ya siku 3 na 21 baada ya kuumia, na zikishaanza matibabu ni magumu.

Jambo la pili ni mahali. Chagua pembe ya ua iliyo mbali na jikoni, kisima, tangi la maji, kamba za nguo, mboga na banda la kuku. Kuku wanaodonoa maganda ya rangi yenye risasi hutaga mayai yenye risasi. Tandika turubai au karatasi ya nailoni chini ya gari ili uchafu ukusanywe badala ya kuingia udongoni.

Jambo la tatu ni kuliinua gari. Usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja. Jeki ni ya kuinua; ya kushikilia ni stendi za chuma zilizowekwa kwenye sakafu ngumu na chini ya fremu isiyooza. Mawe ya kujengea hupasuka ghafla yanapobeba uzito wa gari. Katika gari lililoliwa na kutu, gongagonga kwanza kwa nyundo mahali unapotaka kuwekea stendi. Mlio mkali wa kuvuma ni chuma kizima. Mlio mzito uliofifia ni ganda tu.

Rangi ya zamani ina risasi

Rangi za magari za miaka hiyo, hasa za manjano, nyekundu na rangi ya machungwa, zilitengenezwa mara nyingi kwa madini ya risasi. Mabonde ya bodi katika baadhi ya magari yalijazwa risasi iliyoyeyushwa kabla fila ya plastiki kuenea. Marekani ilipopiga marufuku rangi yenye risasi majumbani mwaka 1978, marufuku hiyo haikugusa rangi za magari. Tena, petroli yenyewe ilitiwa risasi. Nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara, Kenya ikiwemo, ziliacha kuiuza kufikia mwaka 2006, lakini masizi yaliyo ndani ya ekzosi ya gari la mwaka 1975 bado yanayo.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Mtoto mdogo anapoimeza, mwili wake hufyonza mara 4 hadi 5 zaidi ya mwili wa mtu mzima. Risasi huathiri ubongo unaokua: mtoto huwa mzito wa kujifunza, hukosa utulivu, na hali hiyo huenda isirudi nyuma. Kwa mtu mzima huongeza shinikizo la damu, huharibu figo na neva, na hupunguza nguvu za uzazi. Mama mjamzito humpitishia mtoto aliye tumboni.

Wakenya wanalijua jambo hili kutokana na kijiji cha Owino Uhuru mjini Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri za magari kiliwaletea wakazi sumu ya risasi. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru walipwe fidia ya Sh1.3 bilioni. Pikapu moja haiwezi kulinganishwa na kiwanda. Lakini njia ya sumu kuingia mwilini ni ile ile: vumbi katika hewa, udongoni na katika nguo za mzazi anayerudi nyumbani.

Kwa hivyo, usikwangue rangi kavu kwa grainda ndani ya ua wenye watoto. Wala usiichome kwa moto, kwani joto kali huigeuza risasi kuwa moshi unaovutwa kwa urahisi. Njia bora ni kutumia msasa wa maji: lowesha bati, sugua, na ufute tope kwa kitambaa kilicholowa kabla halijakauka. Kusanya tope na maganda katika mkebe wenye kifuniko, usivimwage mtaroni. Usifagie vumbi kavu wala kulipuliza kwa hewa ya kompresa.

Ovaroli na viatu vya kazi vibaki nje. Vifuliwe peke yake, si pamoja na nguo za watoto. Oga na ubadilishe nguo kabla ya kumbeba mtoto. Usile wala kuvuta sigara ukiwa kazini, na nawa kwa sabuni na maji. Wale wanaonawa mikono kwa petroli wajue kwamba hukausha ngozi na kuipasua, na baadhi ya kemikali zake, kama benzini inayosababisha saratani ya damu, hupenya mwilini.

Kuondoa kutu bila vumbi

Vipuri vidogo havihitaji grainda hata kidogo. Vifungue na uviloweke. Siki hula kutu nyepesi kwa siku moja au mbili. Molasi inayouzwa kwa chakula cha ng'ombe, sehemu moja kwa sehemu 9 za maji, huondoa kutu nzito kwa muda wa wiki moja hadi tatu. Hunuka, lakini haina vumbi. Funika pipa ili mtoto asitumbukie, na vaa glavu za mpira.

Wapo wanaotumia umeme wa betri katika maji yenye magadi ya kufulia. Njia hii hufanya kazi, lakini hutoa gesi ya haidrojeni inayolipuka, kwa hivyo ifanyiwe nje mbali na moto. Kamwe usitumie kipande cha chuma kisichoshika kutu, kama kijiko au sinki kuukuu, kuwa upande wa kuongezea umeme. Hutoa kromiamu yenye sumu ambayo husababisha saratani.

Dawa za kubandua rangi zina hatari yake. Zile kali za zamani zina kemikali iitwayo methilini kloraidi, ambayo mwili huigeuza kuwa kaboni monoksidi na ambayo imeua watu waliokuwa wakifanya kazi katika vyumba vilivyofungwa. Marekani ilikataza kuwauzia wananchi wa kawaida dawa hizo mwaka 2019. Soma kibandiko, na ukiliona jina hilo, rudisha mkebe.

Kupuliza mchanga kwa kompresa husafisha bodi haraka sana, lakini mchanga wa kawaida ni silika. Vumbi lake jembamba hukwama mapafuni na kuyafanya yawe magumu, na maradhi hayo, silikosisi, hayana tiba. Uingereza ilikataza matumizi hayo ya mchanga mwaka 1950. Uturuki nayo ilikataza kupuliza mchanga kwenye nguo za jinzi mwaka 2009, baada ya vijana wa viwandani kuugua na wengine kufa. Kazi hii ipelekwe mahali penye chumba maalumu na vifaa visivyo vya silika.

Ikibidi utumie grainda, usiondoe kinga yake. Usifunge diski ya inchi 9 kwenye grainda ndogo ya inchi 4 na nusu. Diski hiyo kubwa imetengenezewa takriban mizunguko 6,600 kwa dakika, na grainda ndogo huzunguka karibu 11,000. Ikipasuka, vipande vyake huruka kama risasi za bunduki. Vaa miwani iliyofunika pande zote, na uzibe masikio. Kelele za grainda kwenye bati hufikia karibu desibeli 100, na kiwango hicho kinaweza kudhuru masikio baada ya dakika 15 tu kwa siku.

Breki na petroli

Laina za breki na za klachi za magari ya zamani zilitengenezwa kwa asbestosi. Unapofungua dramu, lile vumbi la kijivu lililojaa ndani linaweza kuwa na nyuzi zake. Huleta saratani ya mapafu na ya utando wa mapafu, na huchukua miaka 20 hadi 40 kujitokeza. Kijana wa miaka 25 anayepuliza dramu kwa mdomo hatahisi chochote leo.

Nyunyizia dramu maji yenye sabuni kabla ya kuigusa na wakati unaifungua. Futa kwa kitambaa kilicholowa, kitie kitambaa hicho pamoja na laina kuukuu katika mfuko wa nailoni na uufunge. Usisugue laina kwa msasa. Nunua mpya zilizoandikwa kuwa hazina asbestosi.

Tangi la petroli nalo halichomelewi nyumbani. Tangi tupu ni hatari kuliko lililojaa, kwa sababu kinacholipuka ni mvuke uliochanganyika na hewa, na mvuke hubaki hata baada ya miaka. Lipeleke kwa fundi aliyezoea kazi hiyo au utafute jingine.

Usifyonze petroli kwa mdomo kwa kutumia mpira. Tone likiingia mapafuni huleta nimonia kali. Wala usitie petroli, thina au asidi ya betri katika chupa ya soda. Watoto hunywa. Ikitokea hivyo, usimtapishe mtoto, kwani kutapika huipeleka petroli mapafuni na asidi huchoma koo mara ya pili. Mkimbize hospitalini pamoja na hiyo chupa.

Moshi wa kuchomelea

Mashimo ya sakafu na ya mabawa hayazibiki bila kuchomelea. Miwani ya jua haikingi macho. Mwanga wa mashine huunguza kioo cha jicho, na maumivu huja saa 6 hadi 12 baadaye, usiku, macho yakiwa kama yamejazwa mchanga. Tumia ngao yenye kioo cheusi cha kuchomelea, na wafukuze watoto wanaosimama kutazama. Vipande vya viazi ambavyo watu wengine huweka machoni haviponyi, na vinaweza kuingiza uchafu.

Ukiziba shimo kwa kipande cha mabati ya nyumba, moto hugeuza zinki iliyoyapaka kuwa moshi mweupe. Saa 4 hadi 10 baadaye aliyeuvuta hutetemeka, huumwa na viungo na kupata homa. Wengi hudhani ni malaria. Pima malaria, lakini mwambie daktari kwamba ulikuwa ukichomelea mabati. Homa hii kwa kawaida huisha kwa siku moja au mbili, ila ukishindwa kupumua usingoje. Njia salama ni kutumia bati jeusi lisilo na zinki.

Kabla ya kuchomelea, usioshe chuma kwa dawa za kusafishia breki zenye klorini. Moto na mwanga wa mashine vinaweza kuzigeuza kuwa fosijeni, gesi iliyotumiwa kuua askari katika vita vya 1914-1918. Mtu anaweza kuonekana mzima kwa saa nyingi kabla ya mapafu kujaa maji.

Ipo imani kwamba kunywa maziwa baada ya kazi husafisha kifua. Maziwa huingia tumboni. Moshi na vumbi huingia mapafuni. Chakula bora chenye madini ya chuma na kalsiamu, kama maharagwe, sukuma wiki na hayo maziwa, husaidia mwili kufyonza risasi kidogo, lakini hakichukui nafasi ya hewa safi na barakoa.

Barakoa nayo ni ya aina nyingi. Kitambaa na barakoa ya hospitali hazizuii vumbi jembamba. Kwa vumbi tafuta iliyoandikwa N95, FFP2 au, iliyo bora, FFP3, iliyokaza usoni bila ndevu kati yake na ngozi. Lakini hizi hazizuii mvuke. Kwa thina na rangi huhitajika ya mpira yenye vichujio vya mkaa pembeni.

Rangi mpya: hapa simama

Rangi inayong'aa zaidi siku hizi huchanganywa na hadena. Ndani ya hadena mna isosayanati, kemikali ambayo ni kisababishi kikuu cha pumu ya kazini miongoni mwa wapulizaji rangi. Mwili ukishaizoea vibaya, tone dogo tu laweza kukaza kifua, na mtu hulazimika kuiacha kazi hiyo maisha yake yote. Haina harufu ya kukuonya, na hata vichujio vya mkaa havitegemewi. Wapulizaji wa kazi hii hupaswa kuvuta hewa safi inayoletwa kwa bomba kutoka nje ya chumba.

Kwa hivyo usipulize rangi ya hadena uani, ambapo jirani na watoto wake pia watavuta. Fanya maandalizi yote wewe mwenyewe, kisha upeleke gari kwa fundi mwenye chumba na vifaa. Ukitaka kumaliza kwa mkono wako, tumia rangi ya mafuta isiyo na hadena kwa brashi au roli ndogo, tabaka jembamba jembamba, ukiisugua kati kwa msasa wa maji. Pikapu ya kazi hupendeza kwa rangi hiyo.

Kupamba kwa faida ya afya

Fedha za mapambo zianzie kwenye uhai. Hakikisha sakafu ya kabati imezibwa kabisa na ekzosi haivuji, maana kaboni monoksidi hupitia mashimo hayo na kumlaza dereva usingizi. Kichwa kinachouma kila unapoendesha ni onyo. Usiwashe injini katika gereji iliyofungwa.

Funga mikanda ya usalama inayopita begani, na viti vyenye egemeo la kichwa. Mkanda ufungwe kwenye chuma kizima kilichoimarishwa. Uliofungwa kwenye sakafu iliyooza hung'oka siku unapouhitaji. Vyuma vikubwa vya kukinga mbele huongeza majeraha ya watoto wanaogongwa, kwa hivyo fikiria mara mbili. Ukibadilisha rangi au injini, arifu NTSA ili maelezo ya logbook yalingane na gari.

Muone daktari mara moja

• Kipande cha chuma kikiingia jichoni. Usisugue, wala usimwache rafiki akitoe kwa njiti ya kiberiti.

• Asidi ikikumwagikia. Osha kwanza kwa maji yanayotiririka dakika 20, ndipo uende.

• Kifua kikikaza au kikohozi kikija baada ya kupaka rangi au kuchomelea, hata kama ni usiku wake.

• Taya au shingo ikikaza siku chache baada ya kukatwa.

• Mtoto akiumwa tumbo mara kwa mara, akifunga choo, akipungukiwa damu au akibadilika tabia huku kazi ya kukwangua ikiendelea. Omba damu yake ipimwe risasi.

Daktari hawezi kukisia kwamba una Peugeot ya mwaka 1979 nyuma ya nyumba. Mweleze kazi uliyokuwa ukifanya, kemikali ulizotumia na muda uliotumia. Mara nyingi habari hiyo fupi ndiyo inayompa jina la ugonjwa.